Sauti ya Pili ya Kona ya Tatu

"Watu wanne! Nilikuambia uweke watu wanne kwenye ule uzio. Ukaniwekea mmoja, tena mzee mwenye magoti mabovu."

"Dada, wale watatu niliwapeleka getini. Geti lilikuwa linazidiwa."

"Lilizidiwa kwa sababu ulikuwa unaingiza watu kama mtu anayeshindilia pamba kwenye gunia."

"Kilichozidi ni mvua, si watu."

"Mvua haijamvunja mtu mguu leo. Pikipiki ndiyo imemvunja."

Mdogo wangu akavua kofia, akaikamua nje ya dirisha, akaivaa tena ikiwa bado inachuruzika. Yeye ni mwenyekiti wa chama cha pikipiki za zamani. Kila mwaka, Jumamosi na Jumapili moja, chama chake hushindanisha mashine zilizotengenezwa kabla yeye hajazaliwa, kwenye barabara inayozunguka kiwanja cha ndege ambacho ndege zilikihama zamani. Mimi ni msimamizi wa usalama. Nina stashahada ya ufundi wa magari, nimefundisha kwenye karakana ya chuo miaka kumi na tisa na nimelea watoto watatu, na katika hayo yote hakuna lililonifundisha kubembeleza. Mdogo wangu alisema ndiyo maana ananitaka. "Wewe huogopi kuchukiwa, dada," alisema siku aliyokuja kuniomba. Nikadhani ni sifa.

Tulikuwa ghorofani, kwenye chumba kimoja cha ghala la zamani kinachotazama mstari wa kuanzia. Humo mlikuwa na meza, redio ya kuongea na vituo vyote, ubao wenye ramani ya kona saba, na ndoo mbili za kukinga maji ya paa. Saa nane na nusu mchana. Mvua ilikuwa imekatika kwa mara ya tatu tangu asubuhi, na kila ikikatika mdogo wangu alikuwa akitazama juu kana kwamba ameikatiza yeye.

Lililokuwa limetokea ni hili. Saa moja kabla ya hapo, kwenye mbio za tatu, mzunguko wa pili, pikipiki moja iliteleza kona ya tatu. Mashine zile ni nzuri kwa macho, lakini breki zake ni za enzi ambayo watu hawakuwa na haraka. Ikiloa, unashika breki leo inakuitikia kesho. Dereva, mstaafu wa posta tunayemwita Moshi kwa sababu ya injini yake, aliiachia, akaserereka kwa makalio na kuinuka na michubuko tu. Pikipiki ikaendelea bila yeye hadi kwenye robota la majani makavu lililowekwa pembeni kuipokea. Juu ya robota hilo alikuwa ameketi mwanamke mmoja na mwavuli wake.

Hakutakiwa kuwa pale. Hakuna mtu aliyetakiwa kuwa pale. Nyuma ya marobota kuna ukanda wa hatua thelathini ambao lazima uwe mtupu, na nyuma ya ukanda ndiko kuna uzio wa kamba, na nyuma ya kamba ndiko kuna kilima cha watazamaji. Nilizipima hatua hizo Ijumaa kwa miguu yangu. Marobota niliyafunga kwa nailoni mimi na binti yangu, moja moja, kwa sababu robota kavu linapokea pikipiki kama mto, lakini likinywa maji linakuwa ukuta.

Mguu wa yule mama ulivunjika mahali pawili. Gari la wagonjwa lilishampeleka. La pili lilikuwa limebaki chini, injini ikiunguruma.

Na kwa nini alikuwa pale? Jibu nilikuwa nalo tayari. Nilipewa na binti yangu mwenyewe, kwa redio, sekunde ishirini baada ya ajali: "Mama, watu wamevunja uzio! Wamevunja uzio, wamejaa kwenye ukanda!"

Binti yangu wa kwanza ana miaka ishirini na minne. Bendera alianza kuzishika akiwa na kumi na minne, na mwalimu wake ni mimi. Mwezi ujao alikuwa apewe leseni ya daraja la kwanza, ile inayomruhusu mtu kusimamia mbio nzima peke yake. Mimi niliipata nikiwa na miaka arobaini na moja. Kona ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote. Kwa hiyo nilimweka yeye. Ukiwa na kisu kimoja kikali, hukikatii karatasi.

"Andika basi, dada," mdogo wangu akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Mjumbe anasubiri. Wazee wangu wameshavaa helmeti. Mbio moja tu imebaki, mizunguko mitano."

Mjumbe wa shirikisho la mbio alikuwa nje ya mlango, kwenye korido, anafuta miwani. Alikuwa ameniletea fomu ya ajali na kunieleza kwa upole, kama daktari wa meno. Nikiandika kwamba watu walivunja uzio, hiyo ni fujo ya umma: tunaongeza walinzi, tunausafisha ukanda, mbio za mwisho zinaendelea saa tisa. Nikiandika kwamba uzio ulifunguliwa na mtu wetu, siku inafungwa papo hapo, na mtu huyo anakabidhi leseni yake mpaka uchunguzi uishe. Na uchunguzi wao, kila mtu anajua, huwa hauishi. Hufifia tu pamoja na mtu mwenyewe.

Kwangu halikuwa swali. Nilichukua kalamu. Kwenye nafasi ya "Chanzo" nikaandika: *Watazamaji walivunja uzio wa kona ya*

Mlango ukafunguliwa bila hodi.

Aliyeingia alikuwa Breki, dereva wa malori mstaafu, yule mzee wa magoti mabovu niliyekuwa nikimgombania. Kizibao chake cha njano kilikuwa kimegeuka rangi ya tope. Begani alikuwa amebeba kamba ya uzio, nzima, imekunjwa duara kwa duara na kufungwa katikati kwa kipande cha kamba hiyohiyo, kama wanavyofunga watu wa malori.

"Shikamoo zenu baadaye," akasema. "Kamba yenu hii hapa. Niiweke wapi isiloe tena?"

Nikaitazama kamba. Nimefundisha vijana kusoma vyuma vilivyovunjika miaka kumi na tisa. Kitu kilichokatika kina ncha. Kina nyuzi zilizochanika, kina mahali kilipovutwa kikakonda. Kamba iliyovunjwa na watu mia tatu haikunjwi duara kama nyoka aliyelala.

"Mzee, hii kamba imekatika wapi?"

"Imekatika?" Breki akaishusha, akaigeuza. "Haijakatika. Nimeifungua mwenyewe. Mafundo kumi na mawili, na vidole hivi. Kwa nini ikatike?"

"Uliifungua saa ngapi?"

"Kabla ya zile mbio. Si mlisema tuwaruhusu washuke?"

"Nani alisema?"

Mzee akanitazama, halafu akamtazama mdogo wangu, halafu akarudi kwangu. Macho yake yalikuwa ya mtu anayehisi amekanyaga kitu laini gizani.

"Wewe, bosi," akasema. "Binti alikuja mbio, akaniambia, 'Fungua kamba, mama amekubali.' Nikamuuliza mara mbili, maana nakujua. Akasema, 'Mama amekubali, mzee, fungua.'"

Mdogo wangu akaanza kuisoma ramani ya ubaoni, ramani aliyoichora yeye.

"Mimi sikukubali," nikasema.

"Basi mimi nimedanganywa."

"Kwa nini hukuniita kwenye redio?"

"Niite nini? Nilisubiri uniite *wewe*." Akaitoa redio yake ya mkononi kwenye mfuko wa plastiki alioufunga shingoni. "Nilikuwa nimeweka kidole hivi, kwenye kitufe. Nikasema moyoni, bosi akiniita, nitamwambia ukanda una watu kwa ruhusa yako, tuone atasemaje. Kituo cha kwanza ukawaita wawili. Cha pili ukawaita wawili. Cha tatu ukamwita binti peke yake, ukaenda cha nne. Nikasema, aa, hakuniita kwa sababu anajua. Kumbe!"

Hapo lazima nieleze utaratibu wetu, maana ni mimi niliyeuweka. Kabla ya bendera ya kuanzia, kila kona inatoa sauti mbili. Mwenye bendera anasema "njia safi." Mwenye uzio anasema "uzio safi." Sauti mbili za watu wawili, kwa sababu mtu mmoja anaweza kukosea, anaweza kuchoka, anaweza kutamani. Nimewahi kumfokea mtu wa makamo mbele ya wanawe kwa kujibu sauti zote mbili yeye mwenyewe. Lakini tangu Jumamosi asubuhi, kona ya tatu ilikuwa inasema, "Njia safi, uzio safi, mama," kwa sauti moja, na mimi nilikuwa ninasema, "Sawa, mwanangu," na kuendelea na ya nne.

Sikuwa nimeliona hilo mpaka Breki aliposimama mbele yangu na kidole chake kwenye kitufe.

"Asante, mzee," nikasema. "Kamba iache hapo. Usiende mbali."

Akatoka akichechemea. Nikamgeukia mdogo wangu.

"Ulijua."

"Dada—"

"Sijauliza. Nasema ulijua. Umesimama hapa robo saa, umeniacha nikufokee habari za walinzi wanne, na kila nilipokufokea ulishukuru Mungu kimoyomoyo kwamba nafokea kitu kingine."

"Nilitaka akuambie mwenyewe."

"Kabla au baada ya mimi kusaini?"

Nikashika redio. "Kituo cha tatu, bendera. Njoo juu." Nikaongeza, "Mwachie mwenzio bendera."

Alikuja baada ya dakika sita. Nilizihesabu kwa matone ya ndoo. Aliingia na koti la mvua la kijani nililomnunulia mimi, nywele zimemganda usoni, na alipoiona kamba sakafuni akasimama palepale mlangoni kama mtu aliyekuta mgeni kitandani mwake.

"Mama, naomba nieleze."

"Eleza."

"Kilima kilikuwa kinateleza. Hukukiona, uko huku juu. Tope mpaka hapa. Watu wanaserereka wanagonga kamba, watoto wanalia, mama mmoja alianguka na mtoto mgongoni. Mahali pakavu palikuwa pamoja tu, ukandani. Wangeumia pale kilimani, mama. Wangekanyagana."

"Hilo naliamini. Ukafanya nini?"

"Nikampigia mjomba."

"Kwa simu."

"Kwa simu."

"Una redio mkononi, inakuja moja kwa moja kwenye meza hii. Ukaiweka mfukoni, ukatoa simu, ukampigia mjomba."

"Kwa sababu wewe ungesema simamisha."

"Ningesema simamisha."

"Basi! Na wingu lilikuwa linakuja jingine. Tungesimamisha tuwahamishe watu, nusu saa, saa nzima, mvua inarudi, siku imekwisha. Wazee wamekaa mwaka mzima wanazifuta zile mashine. Mjomba akasema wafungulie, ni mizunguko mitano tu, waambie wakae nyuma, wasiguse marobota."

"Wakakaa nyuma?"

Akatazama chini.

"Watu waliosimama kwenye tope tangu asubuhi," nikasema, "wakaona viti vya majani vimefunikwa nailoni. Nani hatakaa? Hata mimi ningekaa. Halafu nikakuita. Nikakuuliza njia na uzio. Ukasema?"

"Mama."

"Ukasema?"

"Nikasema safi."

"Na Breki ukamwambia mama amekubali."

"Nilijua ukiona hali yenyewe utakubali."

"Sasa hivi umesema ningesimamisha. Chagua moja."

Mdogo wangu akaingilia, mikono mbele kama mtu anayetenganisha mbuzi. "Jamani, jamani. Dada, mtoto alikuwa anajaribu kusaidia watu. Ukitaka wa kulaumu, nilaumu mimi."

"Zamu yako itafika, kaa." Nikamrudia binti. "Kufungua kamba naelewa. Sikubali, lakini naelewa. Baada ya ajali lakini, mama wa watu amelala pale anapiga kelele, ulichukua redio ukaniambia wamevunja uzio. Huo uongo wa pili ulikuwa wa kuwaokoa akina nani? Watoto wa kilimani?"

Tone moja, tone la pili.

"Ulikuwa wa kuniokoa mimi," akasema.

"Afadhali. Hilo ndilo neno la kwanza la kweli nililosikia kutoka kona ya tatu leo."

Akalia basi. Analia kama baba yake alivyokuwa analia, bila sauti, kidevu kimeinuka. Nilitaka kumpa leso. Nilikuwa nayo mfukoni. Sikuitoa.

"Na wewe, mama?" akasema, akijifuta kwa mkono wa koti. "Kona zote unaita watu wawili. Yangu unaniita mimi tu. Tangu jana. Mara ya kwanza nilidhani umesahau, nikangoja umwite Breki. Hukumwita. Ungemwita leo, nisingeweza. Angekuambia. Nilijua hutamwita."

"Sikumwita kwa sababu nilikuamini."

"Mimi sikukuomba uniamini kuliko wengine."

Nina umri wa kutosha, nimeachwa na mume, nimenyimwa cheo na mtu niliyemfundisha, nimezika wazazi wote wawili. Nilidhani nazijua njia zote ambazo maneno huingilia. Ile ilikuwa njia mpya. Aliutazama upendo wangu, akaona mahali ulipo wazi, akapitisha watu mia tatu hapohapo.

Na alikuwa amesema kweli. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Mjumbe akabisha, akachungulia. "Mama, ni saa tisa kasoro kumi. Madereva wanauliza."

"Dakika mbili," nikasema. Akarudisha mlango taratibu.

Mdogo wangu alisogea karibu na meza, akainama, akaweka kiganja chake pembeni ya fomu. Alikuwa na sauti yake ile ya utotoni, ya kuomba nisimsemee kwa baba.

"Dada, nisikilize kwa mara moja tu. Umeshaandika nusu sentensi. Imalize. Yule mama tutamtunza mpaka atembee, naapa. Mimi nitajiuzulu kesho, nitakuandikia barua mbele yako. Lakini huyu" — akamwonyesha binti kwa kidevu — "leseni yake ni mwezi ujao. Ukiandika vile, hataipata. Si mwezi ujao, hataipata kabisa. Kwa kosa la dakika ishirini. Na ni wako! Damu nzito kuliko maji, dada."

"Ile iliyo kwenye robota ni damu pia."

"Kona imeshasafishwa. Nimewatuma vijana. Mvua imekatika. Nani ataumia?"

Nikachukua darubini kutoka kwenye msumari na kwenda dirishani. Chini yangu madereva kumi na moja walikuwa wamepanga mashine zao kwenye mstari, mmoja anapangusa tangi kwa kitambaa kama anayemfuta mtoto pua. Watazamaji wa upande wa geti walikuwa wanapiga miluzi, wanapiga makopo, wanataka mbio. Nikainua darubini hadi kona ya tatu.

Vijana aliowatuma walikuwa wameufukuza umati nyuma hatua kama kumi. Na umati, kwa kuwa kamba ilikuwa sakafuni mwangu na kilima kilikuwa bado tope, ulikuwa unarudi. Si kwa fujo. Watu walikuwa wanarudi polepole, kwa adabu, wakikwepa madimbwi. Baba mmoja alikuwa ameshaketi kwenye robota, mtoto kwenye paja. Nailoni ilikuwa imechanwa. Mtu alikuwa amejitanda kipande chake kichwani. Hilo robota lilikuwa limekunywa maji saa nzima.

Nikamwachia mdogo wangu darubini. "Tazama walivyosafishika."

Akatazama. Akavua kofia.

"Mama," binti yangu akasema nyuma yangu. Hakuja karibu. "Ukiandika, andika tu. Lakini uniambie kwanza. Nisije nikasikia kwa mjumbe."

"Nakuambia. Naandika."

Nikaketi. Mimi huwafundisha vijana kwamba kosa kwenye fomu halifutwi wala halikwanguliwi. Unalipigia mstari mmoja ili lisomeke, unaweka sahihi pembeni, watu waone ulikosea wapi. Nikapiga mstari mmoja juu ya *Watazamaji walivunja uzio wa kona ya*. Nikaweka sahihi. Chini yake nikaandika:

*Uzio wa kona ya tatu ulifunguliwa kabla ya mbio kwa amri ya mwenye bendera, aliyeagizwa na mwenyekiti, bila idhini ya msimamizi. Mwenye bendera aliripoti "safi" huku akijua kuna watu ukandani. Baada ya ajali aliripoti kuwa uzio umevunjwa, jambo lisilo kweli. Msimamizi hakuita sauti ya pili ya kona hiyo siku zote mbili, kwa sababu mwenye bendera ni binti yake.*

Sentensi ya mwisho ilinichukua muda kuliko nyingine zote. Kalamu ilikuwa nzuri tu.

Kisha majina. La mwenyekiti. La mwenye bendera, yote matatu kwa herufi kubwa, kama fomu inavyotaka. La katikati ni la baba yake, la kwanza nilimchagulia mimi hospitalini, kabla hata hajafumbua macho. Kisha langu.

"Dada, umejiandika na wewe," mdogo wangu akasema. Alikuwa anasoma kichwa chini miguu juu.

"Najua kusoma."

"Watakunyang'anya na yako."

"Wakipenda."

Nikafungua mlango nikampa mjumbe karatasi. Aliisoma amesimama, miwani ameisukumia juu ya paji, akirudia mstari wa mwisho kwa midomo. Alinitazama, akamtazama binti, na nadhani alitaka kuniuliza kama nina hakika. Uso wangu ulimshauri asiulize. Akatoa muhuri kwenye mkoba, akaupulizia, akaugonga juu ya fomu ukutani kwa sababu meza ilikuwa mbali.

"Leseni zenu, tafadhali," akasema. "Zote tatu."

Binti yangu alikuwa na yake, ya daraja la pili, kwenye mfuko wa ndani, amefunga kwa plastiki isilowe. Aliivua plastiki kwanza, akaikunja, ndipo akatoa kadi. Mdogo wangu alijipapasa mifuko yote minne kabla ya kukumbuka. Mimi yangu ilikuwa shingoni.

"Naomba niimalize kazi iliyopo," nikamwambia mjumbe. "Wewe baki nayo kadi. Watu wale lazima watoke."

Akaafiki kwa kichwa.

Nikaishika redio. "Vituo vyote, huyu ni msimamizi. Bendera nyekundu. Narudia, bendera nyekundu, vituo vyote. Siku imefungwa. Madereva wazime injini, wazikokote mashine kurudi bandani. Geti, acheni kuingiza, fungueni milango yote miwili ya kutokea. Nakuja kona ya tatu."

Chini, bendera ya kwanza ikainuka, ikafuata ya pili. Injini zikaanza kuzimwa moja moja, na nafasi yake ikachukuliwa na miluzi na matusi, mengine ya mama yangu. Nikavaa buti. Nikaibeba kamba begani. Ni nzito kuliko inavyoonekana.

"Nije nikusaidie?" binti yangu akauliza.

"Hapana."

"Peke yako utawezaje? Mama, ni mia tatu."

"Nenda ukae na yule mama hospitalini. Mwambie ni nani aliyeagiza uzio ufunguliwe. Mwambie wewe, kwa mdomo wako, kabla hajaambiwa na mtu mwingine. Mjomba wako atakupeleka."

Mdogo wangu akatafuta funguo za gari. Sikusubiri kuwaona wakiondoka. Nilishuka ngazi, nikakata kiwanja kwa miguu, tope likinivuta buti kila hatua, hadi marobotani. Wa karibu zaidi alikuwa yule baba mwenye mtoto kwenye paja. Alinitabasamia, akasogea kunipa nafasi ya kukaa.

"Inuka, baba," nikamwambia. "Mpe mkono mtoto. Tunatoka hapa sasa hivi."